Mama Anavuta

Buffalo, Jumapili, 23 Oktoba 2016

Kaka Murhula mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku East Side, ambako baridi imefika kabla hatujatoa makoti kwenye masanduku. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Nzigire na watoto, na kwamba mgongo wako umeanza kuizoea kazi ya ghala. Wasalimie waumini wote wa hapo Iroquois, Louisville. Sisi tupo, ila uzima wa Mama ni wa saa kwa saa, na ndiyo sababu ninaandika. Simu nimeishika mara tatu nikairudisha. Ukianza na ile sauti yako ya shemasi, mimi nageuka mtoto wa miaka tisa na kudanganya.

Unajua miguu ya Mama inavyokakamaa tangu ile risasi ya mgongoni. Kumvalisha soksi asubuhi ni vita. Mwezi wa tano daktari alimwandikia dawa ya mvuke, na mimi nikakuambia ni kimashine cha pumzi. Kinafanana na kalamu nene. Anakibonyeza, dawa inapata moto bila kuungua, naye anavuta mvuke mara tatu kwa siku. Dakika kumi hazipiti, miguu inalegea, anajikongoja mpaka jikoni kunung'unika kwamba sombe yangu, yale majani ya muhogo, haina mafuta ya kutosha.

Basi mwezi wa saba kampuni inayosimamia jengo letu ilibandika karatasi kwenye kila mlango: marufuku moshi na mvuke wa aina yoyote ndani, hata kwa mwenye cheti cha daktari. Kaka, nilikasirika hadi nikaunguza wali. Sheria ya jimbo hili yenyewe inakataza dawa hiyo isichomwe, ndiyo maana wagonjwa wanapewa mvuke. Sasa jengo linasema mvuke na moshi ni kitu kimoja, Mama aende nje. Na nje, mbele za watu, nako hairuhusiwi! Hata ingeruhusiwa, Mama ashuke ngazi kumi na tisa kwa miguu iliyokakamaa, kwenye theluji, kuifuata dawa ya kulegeza miguu? Aliyeandika karatasi ile hajawahi kumvalisha mtu soksi.

Mwezi uliopita ikaja barua nyingine. Mama ahame ifikapo tarehe 30 Novemba, kwa kuwa yeye mwenyewe alikiri mwezi wa nane kwamba anavuta sigara ndani, na akatia sahihi. Tumepata mwanasheria anayetetea wapangaji bila malipo, mama mmoja mwembamba anayetafuna karanga huku akisoma. Kikao ni Alhamisi, tarehe 3 Novemba. Anasema kanuni ile inapingika, mgonjwa kama Mama ana haki ya kuomba asibanwe nayo. Kinachotuharibia ni ile sahihi tu.

Najua Ferdinandi, yule mwimbaji wa kwaya anayekaa chini yetu, alikupigia simu kwamba Mama anavuta, na kanisa lako likafunga siku mbili kumwombea. Najua pia unakuja Jumamosi na gari kumchukua. Mama aliposikia alicheka kwanza, halafu akalia. Akasema bon, niko navuta, sasa niko naiba? Dada yetu Jolie naye alipiga simu kutoka Columbus, akasema donc, Mama akuje kwangu Clintonville, chumba kiko. Lakini alipoulizia, aliambiwa Ohio sheria ya kuruhusu mvuke imepita juzijuzi, na duka la dawa yenyewe halijafunguliwa hata moja.

Kaka, kaa chini. Dawa hiyo ni bangi. Ni ya daktari, ina cheti chenye picha ya Mama, lakini ni bangi, na nimekuficha miezi mitano. Ukimpeleka Louisville, kule Kentucky dawa yake ni kosa la polisi. Utakuwa umemchukua Mama na kuiacha miguu yake huku.

Na hilo siyo baya zaidi. Siku ile ya mwezi wa nane ofisini, mkalimani nilikuwa mimi. Bibi wa ofisi aliuliza kwa Kiingereza kama Mama anavuta sigara ndani. Mimi nikamuuliza Mama, unavuta ndani? Akajibu ndiyo, navuta, mara tatu kwa siku. Mwanasheria nimemwambia neno letu ni hilo hilo moja, kwa sigara na kwa mvuke, nikateleza. Ni uongo. Neno la Kiingereza la mvuke nilikuwa nalijua, limeandikwa kwenye cheti, na cheti kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Lakini Ferdinandi alikuwa ameketi nyuma yetu akisubiri zamu yake, na nilijua swali litakalofuata ni mvuke wa nini. Nikaona afadhali kwaya isikie sigara. Mama aliniuliza karatasi inasema nini. Nikamwambia ni ya kawaida tu. Akatia sahihi polepole, herufi moja moja, kwa kuniamini. Naona aibu, Kaka, mpaka kula kunanishinda.

Jana nilimweleza yote. Akasema Alhamisi atasema mwenyewe, kwa Kiswahili, na bangi ataiita bangi, Ferdinandi akitaka aje akae mbele. Nikasema mwanasheria atatutafutia mkalimani mwingine. Akakataa. Akasema nitafsiri mimi, ila safari hii nisimchagulie neno.

Kwa hiyo Jumamosi usije na gari la kumhamisha. Njoo Alhamisi ile ya kikao, uvae suti yako ya ushemasi, ukae upande wake wa pili. Ukishindwa, andika hata mstari mmoja nimsomee kabla hatujashuka zile ngazi.

Nibusie watoto, mwambie wifi kitenge chake kilifika salama. Mama anakusalimu, anasema uvae kofia.

Mdogo wako aliyekudanganya na anayekupenda,
Nabintu