Ndege wa Mguu Mmoja

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata kwenye chenji ya sabuni! Ndege wa kwenye sarafu ana mguu mmoja. Wenzake wote wana miwili. Haijalika hii — manyoya yote yanaonekana, hata kucha za mguu uliobaki. Basi imetoka hivi kiwandani. Nimeruka mpaka kitanda kimelia. Dada kutoka chumba cha pili: kama nimepata kazi niseme, kama ni sarafu tena ninyamaze. Nimenyamaza.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi saa, yule mwenye albamu za sarafu chini ya meza. Yangu nimeiacha nyumbani, nisije nikaipoteza njiani. Akili gani hii! Ikabidi nimchoree. Kauliza huyu ni kuku?

Yeye anakusanya makosa tu, ajali za mara moja. Nikamwambia yangu ndiyo hiyo. Akauliza kama nimemtafutia pacha. Pacha wa nini? Kanieleza taratibu: sura inagongwa na muhuri wa chuma. Uchafu ukiuziba muhuri kidogo, sarafu hiyo inakosa mguu, zinazofuata zinao. Hilo kosa. Lakini wakiusugua muhuri wenyewe mpaka mguu ukafutika, kila sarafu inayogongwa hapo inatoka bila mguu. Hiyo ni alama ya muhuri, na za hivyo yeye hataki.

Nipekue chenji kwanza. Nisipoona pacha, Jumamosi nilete tubadilishane, anipe lenzi yake ya zamani. Lenzi! Mimi natumia chupa ya maji.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna pacha. Safi.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi kanipa kopo la chenji dukani kwake, ila niwahudumie wateja hukohuko. Napekua huku naomba nisione kitu. Sijawahi kutafuta hivi. Shangazi: sasa huyo ndege wako anasimamaje? Nikamwambia kwa imani. Kacheka mpaka kaegemea rafu.

Halafu nikamuona. Mguu mmoja. Umekatika palepale kama wa kwangu, kwa mshazari uleule. Kwaheri lenzi. Shangazi kasema, si uirudishe koponi mwanangu, nani atajua? Nilishainyanyua kuirudisha.

Ila nikaziweka pamoja chini ya chupa — huyu wa pili hata ncha ya mkia hana! Wa kwangu anayo. Kwa hiyo waligonga wa kwangu, wakasimama, wakausugua muhuri tena, ndipo wakagonga huyu. Najua nani kaka, nani mdogo! Kuna mtu alikaa na kitambaa chake akasugua, akazidisha, na kuzidisha kwake nimekushika kiganjani. Mteja mmoja nimempa chenji mara mbili. Shangazi hajui bado.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa simu, benchi la fundi.

Kaiangalia ya kwanza weee, jicho moja kalifumba. Kasema ya hivi haijawahi kumpitia, yaelekea ni uchafu. Kanisogezea lenzi. Nzito, ya shaba, ina kifuko chake cha ngozi. Pacha je, kijana? Kabla sijajibu kaingia mama na saa ya ukutani inayogonga ovyo. Fundi katoka naye barazani kuisikiliza.

Niko peke yangu na meza. Nimeitoa ya pili mfukoni, nimezitazama zote kwa lenzi. Mungu wangu — mistari ya kusuguliwa inaonekana! Myembamba kama nywele, yote imelala upande mmoja. Pale mguu ulipokuwa, na pale kwenye mkia.

Nataka aione. Nani mwingine nitamwonyesha, dada?

Nimeiweka ya pili kwenye kitambaa cha fundi mezani, ubavuni mwa kaka yake. Lenzi nimeilaza juu yake. Kifuko nimekirudisha upande wake wa meza. Nacheka peke yangu kama mwehu.

Saa imenyamaza huko nje. Mama anashukuru. Fundi anarudi, anafuta mikono —