Rambirambi za Samaki

Isiolo,
wakati wa kiangazi

Mama Akinyi mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye jua na vumbi. Natumaini wewe na watoto mmeamka salama, na kwamba jino la Akinyi limeng'oka bila vita. Je, bado anampelekea paka maziwa ya Nyayo anayopewa shuleni? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na nimenenepa kidogo kwa chai ya maziwa ya ngamia. Ukiniona utafikiri nimeoa tena. Sijaoa.

Uliniuliza kama kazi ya samaki inaendelea. Mke wangu, samaki wamekufa wote. Usishtuke, soma mpaka mwisho.

Unajua nililetwa hapa nifuge samaki wa ngege katika bwawa lililo nje ya mji, na niwafundishe watu kuwala. Lakini kwa Waborana, wafugaji wa huku, samaki ni nyoka wa majini. Hadija, jirani anayenipa maziwa, huniita Bwana Nyoka, na watu hucheka hadi machozi. Hata hivyo tuliishi vizuri. Wao walinywesha ng'ombe wao bwawani, mimi nikalisha samaki wangu, kila mtu na mifugo yake.

Sasa, ile mvua fupi iliosha samadi yote ikaiingiza bwawani, kisha jua likawaka wiki baada ya wiki bila upepo. Maji yakaanza kuwa ya kijani. Mwanzoni nilifurahi, kwa maana ukijani kidogo ni chakula cha ngege. Lakini ulizidi, ukawa utando mzito kama rangi ya kupaka mlango, tena unanuka. Asubuhi moja nikakuta samaki wamepanda juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Kufikia adhuhuri walikuwa wakielea tumbo juu, na vyura kando yao, na bata mmoja wa mwituni. Nilikaa chini nikalia, sikufichi.

Yule bata ndiye aliyenitia hofu. Samaki wanaweza kufa kwa kukosa hewa majini, lakini bata anavuta hewa hii yetu. Basi ule ukijani wenyewe ulikuwa na sumu, na jioni ng'ombe wangekuja kunywa!

Nikakimbia hadi kwa Hadija. Mumewe, Guyo, alikuwa nje na wanaume wenzake.

"Salaam aleikum," nikasema. "Tafadhali, leo msipeleke wanyama kwa bwawa. Maji imekuwa sumu."

Lilikuwa ombi zito. Maji mengine yako mto Ewaso, mbali, kupita Ngaremara, na ng'ombe walikuwa wamekonda. Mmoja akaniuliza kwa hasira, "Wewe umejuaje? Ng'ombe yetu imekunywa hapo miaka yote."

Guyo akaniangalia. "Samaki yako imekufa ngapi?"

"Yote."

Akawageukia wenzake, akawaambia, "Mtu amemaliza mifugo yake yote, na bado anakimbia kutuambia juu ya yetu. Huyo atadanganya kwa nini?"

Jioni ile ile waliwaswaga ng'ombe kuelekea Ewaso. Niliona vumbi lao likienda nikaogopa, maana kama nilikosea, ng'ombe wangeanguka njiani kwa sababu yangu. Walirudi baada ya siku kadhaa, wamechoka lakini wazima. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Asubuhi iliyofuata wakaja nyumbani kwangu na mbuzi jike na mtoto wake. "Pole kwa mifugo yako," Guyo akasema. Nilidhani ni utani, nikaanza kucheka peke yangu. Hakuna aliyecheka. Kwao, mtu akipoteza mifugo, ukoo humchangia ili aanze upya; wanaita busa gonofa.

"Lakini yangu ilikuwa samaki," nikasema.

Hadija akanijibu, "Kwani si ulikuwa unalisha? Si ulilia? Mimi nilikuona. Chukua mbuzi, Bwana Nyoka, ukame maziwa yako mwenyewe, uwache kunigongea mlango asubuhi."

Mvua ikirudi tutazungushia bwawa ua wa miiba na kujenga birika nje, wanyama wanywe bila kuchafua maji. Watu wamekubali kukata miiba. Kula samaki bado wanakataa, na sasa hata siwasumbui.

Kumbe habari haikuwafikia wote. Juzi tulisikia mtu mmoja wa mbali alinywesha mbuzi wake pale, wakafa. Guyo na wenzake wakazunguka boma hadi boma wakimkusanyia. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Nilijua watanipita, mimi mgeni wa mbuzi mmoja na mtoto wake. Guyo akasimama mbele yangu.

"Na wewe," akasema, "unatoa nini?"

Mama Akinyi, tangu nizaliwe sijawahi kufurahi hivyo kuombwa kitu. Nilimtoa yule mtoto wa mbuzi bila kufikiri mara mbili.

Nisalimie mama yangu, na umwambie asiache kunikaushia samaki, huku sina wa kugombania naye. Salamu kwa shemeji yako Otieno, fundi wa baiskeli, na kwa mwalimu wa Akinyi. Wabusu watoto. Shule zikifungwa, njooni. Nimeshawaambia watu hapa kwamba nina familia, na Hadija anauliza kila siku mtafika lini.

Ni mimi mumeo akupendaye,
Baba Akinyi,
mfugaji wa mbuzi mmoja.