Kilima Alichokiona Shemeji

Dada yangu mpenzi,

Salamu tele zikufikie hapo nyumbani, wewe na wanangu. Natumaini mgongo umetulia, na kitinda mimba wetu ameacha kukohoa. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila roho imechafuka, na sitakuficha: aliyeichafua ni mumeo. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unaijua kazi yetu huku maabara, ingawa kila nikikueleza unapiga miayo. Leo usipige. Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na katikati ya kila atomu kuna kiini, kidogo mno. Vile viini tunavyovitumia sisi, vikiachwa kwa amani, hukaa duara tu. Sasa sisi hatuviachi kwa amani. Tunavirusha ndani ya bomba kwa kasi ya kutisha, viwili vigongane na kuungana viwe kimoja. Hicho kinachozaliwa huwa na joto kuliko hata katikati ya jua, na huzunguka kama kimerogwa. Swali letu ni moja: kikiteswa hivyo, kinabaki duara, au kinarefuka kama donge la unga unalolisukuma kwa viganja? Kwa macho hakionekani. Lakini kinapopoa hutoa mionzi, nasi tunaipima na kuichora. Kama kimerefuka, mchoro utaota kilima kidogo pembeni. Kama hakikurefuka, hakuna kilima. Hicho ndicho nilichokihangaikia tangu nije hapa.

Tatizo ni kwamba mtu akikitamani kilima, atakiona tu. Ndiyo maana tuna desturi ya pazia. Ile sehemu ya mchoro tunayoitaka hufichwa ndani ya kompyuta, kisha tunakaa sote na kuamua vipimo gani vihesabiwe na vipi ni takataka. Tukishakubaliana, pazia linafunuliwa mbele ya watu wote, na likitoka lolote, limetoka. Wewe mwalimu unaelewa, maana mitihani unaisahihisha kwa namba, hujui ni ya mtoto wa nani. Neno la siri la kufunulia tunalo mimi na mumeo tu, kwa kuwa yeye ni mkuu wa maabara na mimi ndiye mchambuzi.

Basi Jumatatu tulikutana kwenye kile chumba ambacho kiyoyozi chake kinadondosha maji kwenye ndoo. Wageni walishaalikwa kuja kushuhudia pazia likifunuliwa. Fundi wa vipimo, mama mpole lakini hababaishwi, akasema vipimo vya upande wa kushoto vina kelele nyingi, afadhali vitolewe. Nikamuunga mkono. Shemeji akachemka. Akapiga meza, akasema haiwezekani kabisa, vikitolewa hivyo kilima kinapotea.

Dada, wote tulimgeukia. Kilima kipi? Nani kakiona, na pazia halijaguswa? Mwenyewe akagundua kimemtoka nini, akaanza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa, kisha akadai alikuwa anakisia tu. Anakisia! Mtu anayekisia anapiga meza vile? Kila mmoja pale alijua kwamba bwana mkubwa ameshachungulia.

Na kinachonikera si uongo peke yake. Huenda kilima kipo kweli! Huenda kiini kinarefuka, nami ningekuandikia leo kwa vigelegele. Lakini sasa nani atatuamini? Uamuzi wowote tutakaoufanya, watu watasema tuliufanya kwa kuwa tulishaona. Vipimo vyote vimeharibika, na ile mashine tunagawana na maabara chungu nzima. Kupata zamu tena ni kungoja mpaka uote mvi. Kiini cha watu kimegongwa, kimechomwa, kimezungushwa, kikatoa ukweli wake wote bila hiyana, halafu mtu mzima na elimu yake anakwenda kuchungulia kama mtoto anayefunua sufuria jikoni. Sina hamu kabisa.

Baada ya mkutano akaniita ofisini, akafunga mlango. Nikadhani anataka kuomba radhi. Thubutu! Aliniagizia chai, akaniita mdogo wangu kwa sauti tamu ambayo sijaisikia tangu mlipokuwa wachumba. Kisha akasema kamati ya uchunguzi inakaa, na ingefaa niwaambie kwamba mimi ndiye niliyefunua pazia kwa bahati mbaya, nikamsimulia. Eti mimi bado mchanga, watanikemea kidogo na kusahau, ila yeye akianguka maabara nzima itaanguka. Akanikumbusha nani aliyeniingiza kazini. Eti tusitiriane, sisi ni ndugu. Yaani mimi niwe dekio lake! Mchambuzi anayesemwa amefunua pazia hapewi tena vipimo popote, dada. Ningekuwa nimekwisha, na kazi nyingine siijui.

Nikamwambia nitafikiri, lakini nilikuwa nimeshafikiri. Leo asubuhi nimesimama mbele ya kamati, nikawaeleza kila kitu, alichoropoka mkutanoni na alichoniomba ofisini, mpaka chai. Wamesema watamsimamisha kazi. Ijumaa akija nyumbani atakuletea hadithi yake, nami nimetaka yangu itangulie.

Bado kuna neno moja, na ndilo zito kuliko yote. Siku ile ofisini, nilipokuwa nashika kitasa nitoke, mumeo alisema wazo lile halikuwa lake. Alisema alikupigia simu akiwa amechanganyikiwa, na ni wewe, dada, uliyemwambia anibebeshe mimi. Kwamba ulisema, atavumilia huyo, hana wa kulisha. Nilimwita muongo usoni pake, nikaubamiza mlango. Lakini tangu hapo nayageuza maneno yale, na kila nikiyageuza nayasikia kwa sauti yako. Baba alipougua ulisema hivyohivyo. Hata nyumba ya mama ilipogawanywa, ndivyo ulivyosema.

Wabusu wanangu, uwaambie mama yao mdogo anawapenda. Usinipigie simu, maana nikikusikia nitakuamini, hata ukinidanganya. Niandikie. Neno moja linatosha, ndiyo au hapana.

Ni mimi mdogo wako, ambaye kamati ilipomuuliza kama kuna mwingine aliyehusika, alijibu hakuna,

Mbishi