Safura ya Bwana Afya

Mikumi, 4 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini umeamka salama na magoti yamepungua kuuma. Mume wangu Filipo anakusalimu. Mimi sijambo nusu.

Naandika kwa sababu mambo ya choo siwezi kukutamkia baba yangu kwenye simu. Utumbo mpana bado una uvimbe na vidonda, na natoa damu. Hapa hotelini wageni wakiniuliza njia ya mbugani, nawajibu huku nimebana miguu. Vidonge vya daktari leo vinasaidia, kesho havisaidii.

Nimesoma kwamba nchi za nje wapo wagonjwa kama mimi wanaomezeshwa mayai ya minyoo, ati minyoo huutuliza mwili uache kujishambulia. Wewe ulikuwa bwana afya, uliitoa minyoo kwenye matumbo ya wilaya nzima. Naomba unitafutie. Ukikataa, nitaacha vidonge na kujitafutia mwenyewe nyuma ya choo cha shule.

Mwanao,
Yusta

Kilosa, 18 Februari 2024

Binti yangu Yusta, marahaba.

Magoti yapo palepale, nami nipo. Msalimie Filipo.

Sikucheka. Minyoo hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa waliochaguliwa, kwa mayai yaliyoandaliwa maabara, daktari akiwa karibu. Wapo waliopata nafuu. Majaribio mengine hayakuona tofauti yoyote. Ile ya nyuma ya choo ni safura, minyoo inayopenya nyayo za anayetembea peku. Safura hunywa damu, na wewe damu unaimwaga tayari.

Nailantei wa Msowero, yule mama wa Kimaasai anayeniletea maziwa, amekufungia kibuyu cha maziwa mgando. Nimehakikisha aliyachemsha kwanza. Amesema, "Mwambie anywe taratibu, si kama nyinyi Wakaguru mnavyokunywa chai." Wapo wanaosaidiwa na vijidudu vya maziwa, wapo wasiosaidiwa. Yakikuvuruga, acha. Vidonge usiache.

Subiri mvua ziishe. Nitakupa jibu kamili.

Baba yako

Mikumi, 26 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Habari za siku nyingi? Barua zangu mbili hukuzijibu.

Maziwa yalipunguza gesi, damu haikupungua. Filipo alipita Kilosa akakuona. Anasema umekonda na kupauka, unapumzika kati ya kitanda na mlango, na ulimkataza asiniambie. Unaumwa nini?

Mvua zimeisha na mimi nimesubiri. Vidonge nimepunguza, nameza nusu. Jibu liko wapi?

Mwanao,
Yusta

Kilosa, 9 Juni 2024

Mwanangu Yusta, marahaba.

Hali yangu si nzuri. Barua hii naiandika kwa vipande, nikilala katikati.

Jibu nilikwenda kulitafuta mwenyewe. Mvua zilipokolea nilikuwa nakwenda nyuma ya choo cha zamani kule shambani, navua viatu, nasimama kwenye tope. Mahali inapokaa safura napajua. Ndiyo kazi niliyowafundisha wanafunzi wa afya. Siku moja Nailantei alinikuta.

"Mzee! Wewe uliyetupigia kelele tuvae viatu, leo unatembea peku kama mbuzi?"

Nikamwambia nyayo zinawaka moto, nazipoza.

"Si uzipoze kwenye beseni, baba?"

Nilimdanganya, nikaendelea.

Nilijiambia: Yusta atalifanya hili hata nikimkataza, afadhali mwili mkongwe utangulie, nione unavumilia kiasi gani. Miguu iliwasha, kikaja kikohozi, likaja tumbo, kisha pumzi ikaanza kunikimbia. Dawa ya minyoo ilikuwa kabatini. Sikuimeza, nilitaka kuona mwisho. Hospitali nikamwambia daktari ni uzee. Nimesema kweli wiki iliyopita tu. Wamenipa dawa ya minyoo na kuniongeza damu, lakini moyo ulikuwa umeshachoka. Daktari hanifichi: hautarudi kama ulivyokuwa, na siku zangu si nyingi.

Na jaribio lenyewe halina maana. Utumbo wangu ulikuwa mzima, kwa hiyo sikuthibitisha lolote kuhusu wako. Mwanafunzi angeniletea kazi ya namna hii ningemrudishia. Nililijua hilo tangu mwanzo. Hofu ilinizidi.

Sikuambii ili ubebe mzigo. Miguu ilikuwa yangu na tope nililichagua mwenyewe. Nakuambia kwa sababu nikifa watu watasema uzee, nawe ungekwenda nyuma ya choo ukidhani baba alinyamaza kwa kuwa alikubali. Sikubali. Rudia vidonge vyote. Vikishindwa, mwambie daktari. Dawa nyingine zipo.

Baba yako

Mikumi, 14 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Sikuulizi hali, umeshaniambia.

Nina hasira. Niliomba minyoo, sikuomba unitangulie. Ungesema tu, "Yusta, naogopa," ningeacha siku hiyohiyo. Katika nyumba yetu neno hilo hakuna aliyewahi kulisema, hata mimi. Basi nalisema: naogopa, Baba. Nilikuwa naogopa hata nilipokuwa nakutishia.

Barua yako nilimsomea daktari wangu yote. Akasema, "Mzee wako mkaidi." Nikamwambia nami ni mwanawe. Amenibadilishia dawa, na atanipima tena kabla mwezi haujaisha. Nyuma ya choo sikwendi.

Asubuhi nimemeza huku nakugombeza moyoni. Kesho nitameza tena, uwepo usiwepo. Jumapili tunakuja, mimi na Filipo. Jitahidi nikukute, nikugombeze kwa mdomo.

Mwanao,
Yusta