Matundu Niliyoyafumua

Jumatano, Aprili 1975. Mvua tangu alfajiri. Mlima haukuonekana kutwa.

Leo nimeaibika, na kwa kuwa hakuna wa kumwambia, naandika.

Ushirika wetu wa mafundi cherehani umepata kazi ya mashati ya kaki ya shule. Mimi na Bi Mwanahawa tumepangiwa matundu ya vifungo, kwa mkono. Wenzetu wanaiona kazi ya kuchosha. Mimi naipenda kupita kiasi. Unakata mpasuko mdogo, kisha unazungushia uzi ukingoni, kifundo baada ya kifundo, mpaka kidole gumba kinahisi pameinuka na kukaza. Nikimaliza tundu, nalipapasa kwanza, ndipo nalitazama.

Macho ya Bi Mwanahawa yamepungua. Tangu mwezi uliopita matundu yake yanakwenda upogo, na mwenyekiti alishasema mbele ya wote kwamba asiyeweza sindano atahamia shamba la ushirika, kule Dumila. Mama wa umri ule ashike jembe! Basi kila akienda kuswali adhuhuri, nachukua mashati yake, nafumua matundu yaliyopinda, nashona upya.

Nilijiambia ni huruma.

Uongo. Huruma ilikuwapo, lakini kidogo. Zaidi ni uchoyo. Matundu yangu yakiisha, nayatamani na yake.

Leo aliporudi alichukua shati la juu ili alikunje. Kidole chake kikapita juu ya tundu, kikarudi, kikasimama. Akapapasa la pili, na la tatu.

"Skola, haya si yangu."

Kila asubuhi namwamkia shikamoo kwa unyenyekevu wote, kisha mchana namwibia kazi yake. Nilitamani sakafu inimeze.

"Nilitaka kukusaidia, mama. Mwenyekiti asije akakuhamisha."

"Akinihamisha, na anihamishe kwa kazi yangu mwenyewe. Macho yananiacha, mwanangu, hilo nalijua. Vidole bado ninavyo. Raha unayoipata wewe hapo, unadhani mimi siipati?"

Hakupaza sauti. Angenifokea ningepata nafuu. Alinipa sindano nimtungie uzi, akaanza tundu jingine huku amefumba macho kabisa. Alipomaliza akaniwekea shati mapajani. Nikafumba macho na mimi, nikalipapasa. Limekwenda upande, sikatai. Lakini mishono imebanana na kulingana kuliko yangu yote ya wiki hii.

Kesho mwenyekiti anakagua. Nimemwahidi Bi Mwanahawa kwamba nitamtungia uzi tu, mengine namwachia. Mashati yake yatafika mezani jinsi alivyoyashona.

Naogopa kwa ajili yake. Na hata sasa ninapoandika, vidole vinaniwasha kwenda kuyanyoosha matundu yake.