Jeneza la Bi Zuwena

Michenzani, Unguja

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba nzima ya hapo Pangani, na lile goti lako limepata nafuu. Mie ni hai, alhamdulillahi, ila nnaandika kwa haya, na nakuomba uisome ukiwa peke yako.

Dada, nilikudanganya. Niliporudi kutoka Ujerumani ya Mashariki, nilikopelekwa kupasuliwa moyo, nilikuandikia kwamba nshapona. Moyo kweli unakwenda sawa. Lakini ule mfupa wa kifua, waliouchana katikati wakaufunga kwa waya, mpaka leo haujashikana. Nikigeuka kitandani nausikia unagonga. Daktari alinikataza kubeba kitu, hata kujiinua kwa mikono, akasema wengine huchukua muda mrefu. Na hapa jumbani sikumwambia mtu. Nilisema nilikwenda kusomea ufundi. Seremala mzima, na umri wangu huu, niseme siwezi kuinua ndoo?

Bi Zuwena, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akiniletea uji kila asubuhi bila kuniuliza neno. Juma lililopita alifariki. Wakati wa kulitoa jeneza ghorofani kila mwanamume alitia bega, na mzee mmoja akaniuliza mbona nimesimama kama mgeni. Nikatia bega. Ngazi za hapa zinapinda. Kwenye kona uzito wote ulinilalia, kifua kikaachia, mkono ukanilegea. Jeneza likainama upande wangu, dada, mbele ya watu wote. Haji, mwanawe Bi Zuwena, alilidaka, kiganja chake kikabanwa ukutani kikachubuka vibaya. Mie nikakaa ngazini nimejikumbatia kifua, wao wakanipita. Makaburini sikufika.

Baada ya hitima Haji akaja kwangu, mkono umefungwa kitambaa. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Mama alitwambia zamani kuwa kifua chako kina maradhi. Alikuona unavyoinuka kitini. Alituusia usiguse jeneza lake. Sisi ndio tuliosahau, kwa msiba."

Nililia mbele yake, mtu mzima mie. Bora angenitukana.

Daktari kaniona tena. Kasema nianze upya, nitulie kabisa, na nipate mtu wa kukaa nami. Kwa sasa hata shati navalishwa na Haji, kwa ule mkono wake mmoja uliobaki mzima, na mie sina uso wa kumtazama. Harusi ya mwanao niliahidi kuja kusimama kama mjomba. Sitaweza. Nakuomba ikisha harusi uje wewe.

Nisalimie shemeji. Bibi harusi mwambie mjomba wake anamwombea kheri. Na mama mdogo, akiniulizia, umweleze yote kama yalivyo. Nshachoka kuficha.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kuona haya,
Salim