Mtoto Mliyemlilia

Eagan, Minnesota
17 Aprili 2016

Dada yangu mpendwa Ernestine,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mguu wako umepona? Watoto wanasoma? Sisi tupo. Mgongo wa shemeji yako Rigobert bado haujamruhusu kurudi kupakia mizigo kwenye bohari. Mimi nimerudi kazini, kuosha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Nachoka, dada, hadi nasinzia kwenye basi na kupitiliza kituo.

Pole zako zilinifika. Ulisema mlikaa kilio siku tatu hapo kambini, nawe ukafunga kula kwa ajili yangu. Hapa pia akina mama wa kanisa hawakuniacha. Walileta sombe na ugali, na Mama Thaddée akanifulia hadi mashuka. Aliniambia nilie, nisimeze machozi. Nililia.

Sasa keti chini. Barua hii nimeianza mara nne.

Mtoto hakufa. Yuko Apple Valley, si mbali na hapa, kwa wazazi wake. Hakuwa wangu wala wa Rigobert. Kazini nilimtunza bibi mmoja mzungu. Binti yake, Kirsten, hashiki mimba. Madaktari waliunganisha mbegu yake na ya mumewe, wakaipandikiza tumboni mwangu, nami nikalipwa. Rigobert alikuwa kitandani, na mwenye nyumba alitaka tuhame kwa sababu ya kodi. Nikakubali.

Kirsten hakunitendea vibaya. Alinipeleka kliniki mwenyewe, akaniletea matunda. Lakini mkataba ulinikataza kunyanyua vizito, na kazini asiyenyanyua wazee hana kazi. Nilinyanyua, nikamficha Kirsten.

Tumbo lilipoonekana kanisani walishangilia, nami nikakosa ulimi wa kueleza. Niliporudi kutoka hospitali mikono mitupu, Mama Thaddée alipiga yowe la msiba mlangoni. Sikumkatiza. Nawe nikakuandikia hivyo hivyo.

Ila kilio changu hakikuwa cha uongo. Nesi alimlaza mtoto kifuani pangu kidogo tu, kisha Kirsten akanyoosha mikono, naye analia kwa furaha. Siku ya tatu maziwa yakaja. Maziwa hayajui mkataba.

Sasa akina mama wanataka kupeleka maua kaburini. Wananiuliza ni makaburi gani. Rigobert anasema nitaje yoyote ya mbali, watasahau. Siwezi. Jumapili ijayo nitasimama mbele yao niseme, na nimetaka nikuandikie wewe kwanza.

Ukikasirika, una haki. Lakini niandikie, hata kwa hasira. Wabusu watoto wote, na Mungu akulinde.

Mdogo wako,
Emérance